Bonge la damu kwenye aota: mwongozo wa kutumia vidonge vya kuzuia damu kuganda

Aota ni mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Unatoka moyoni, unapinda kifuani, unashuka mbele ya uti wa mgongo, na ukifika usawa wa kitovu unagawanyika kuelekea miguu yote miwili. Damu hupita humo kwa kasi na kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo si rahisi igande. Ikiganda, mara nyingi kuna sababu: ukuta wa mshipa umeharibiwa na mafuta yaliyojijenga kwa miaka, sigara, saratani au dawa yake kama sisplatini, figo zinazovujisha protini, au damu yenyewe ina hulka ya kuganda ovyo. Wengi hawajui lolote mpaka kipande kimeguke na kuziba mshipa mdogo huko mbele. Mguu unakuwa wa baridi ghafla, au tumbo linakata kwa maumivu yasiyoelezeka.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa ambaye tayari amepigwa picha ya CT, bonge limeonekana, na daktari ameamua kumtibu kwa vidonge. Ni wa ndugu anayemtunza pia, maana mara nyingi yeye ndiye anayeshika daftari.

Jambo moja nataka lieleweke kabla ya mengine. Vidonge hivi haviyeyushi bonge. Kazi yake ni kuzuia lisikue na lisizae jingine, huku mwili wenyewe ukilimega polepole kwa wiki na miezi. Ndiyo maana hatari kubwa ninayoiona iko kwenye mapengo: siku kati ya sindano ya mwisho ya kuzuia kuganda na kidonge kushika kazi, wiki kati ya kuruhusiwa wodini na kipimo cha kwanza, na zile siku za mwisho wa mwezi dawa imeisha na mshahara haujatoka. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kuziba pengo fulani.

Hatua ya 1: Uliza ni bonge la namna gani

Karatasi ya majibu ya CT inaweza kutaja damu iliyoganda kwenye aota, na bado ikawa inazungumzia mambo matatu tofauti kabisa.

La kwanza ni bonge lililoshika ukutani mwa aota isiyotanuka. Hili ndilo linalotibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda. La pili ni damu iliyoganda tabaka kwa tabaka ndani ya aota iliyovimba na kutanuka, hasa ya tumboni. Hiyo ni hali ya kawaida kwenye uvimbe wa namna hiyo, na peke yake haimfanyi mtu aanze vidonge hivi. Kinachofuatiliwa ni upana wa mshipa, na upasuaji huanza kufikiriwa ukifika kama sentimita 5.5 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. La tatu ni aota iliyochanika ukuta wa ndani, damu ikapenya katikati ya tabaka zake. Hapo dawa ya kuzuia kuganda inaweza kumdhuru mgonjwa, na uamuzi ni wa daktari wa upasuaji wa moyo na mishipa.

Basi uliza waziwazi: langu ni lipi kati ya hayo? Liko kifuani au tumboni? Limelala ukutani au lina mkia unaoning'inia na kucheza damu ikipita? Lenye mkia ni rahisi zaidi kumeguka, na wakati mwingine madaktari huamua kulitoa kwa upasuaji au kulifunika kwa mrija maalumu unaopitishwa kwenye paja. Na kama mguu tayari umekosa damu, vidonge havitauokoa. Kwanza lazima njia ifunguliwe, mara nyingi kwa mrija wenye kiputo mbele yake, kifaa ambacho daktari Thomas Fogarty wa Marekani alikitangaza mwaka 1963 na mpaka leo hakijapitwa. Vidonge hufuata baadaye.

Hatua ya 2: Damu itolewe kabla ya dawa kuanza

Kabla ya dozi ya kwanza daktari anahitaji kujua wingi wa damu na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), hali ya figo na ini, na INR ya kuanzia, yaani namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe ujauzito. Panda kwenye mizani, usitaje uzito wa kukumbuka, kwa sababu sindano ya enoksaparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, hupigiwa hesabu ya miligramu 1 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12.

Kuna kipimo kimoja kinachosahaulika sana: kile cha antifosfolipidi, yaani kingamwili zinazoifanya damu igande ovyo. Sehemu ya kipimo hicho hutoa majibu ya uongo mgonjwa akishaanza dawa. Kama hospitali yako haina uwezo wa kukifanya, uliza kama damu inaweza kutolewa mapema na kupelekwa maabara kubwa. Majibu yake, kama utakavyoona, yanaweza kubadilisha dawa yenyewe.

Halafu mwaga mezani mfuko wako wote wa dawa. Za presha, za kifua kikuu, za virusi, za kifafa, za kienyeji, na zile ulizopewa na jirani. Usichague za kuonyesha.

Hatua ya 3: Ijue dawa uliyopewa

Kuna makundi mawili. Warfarini ni ya zamani. Ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1954. Ni nafuu, inapatikana hospitali nyingi, lakini inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Kundi jipya lina rivaroksabani, inayojulikana kwa jina la Xarelto, apiksabani ambayo ni Eliquis, na dabigatrani ambayo ni Pradaxa, pamoja na matoleo mengine ya bei nafuu zaidi. Hizi hazihitaji INR, na tangu 2019 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Bonge la aota ni ugonjwa wa nadra, na hakuna majaribio makubwa yaliyozishindanisha dawa hizi kwa wagonjwa wake. Warfarini ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Dawa mpya zinatumika, na taarifa za wagonjwa mmojammoja zinatia moyo, lakini dozi zake zimeazimwa kutoka kwenye tiba ya mabonge ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za miguu na yale ya mapafuni. Kwa hiyo daktari akikuandikia rivaroksabani miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja, au apiksabani miligramu 10 mara mbili kwa siku 7, kisha 5 mara mbili, hesabu hizo zimetoka huko. Andika tarehe ya kubadilisha dozi kwenye kalenda ukutani. Mtu akikosea siku hiyo, ama anabaki na dozi kubwa bila sababu, ama anaacha kabisa akidhani amemaliza.

Wapo ambao warfarini inawafaa zaidi hata kama wanaweza kumudu dawa mpya:

- Mwenye antifosfolipidi, hasa vipimo vyote vitatu vya kingamwili hizo vikiwa chanya. Jaribio la TRAPS lililochapishwa 2018 lilisimamishwa mapema kwa sababu waliotumia rivaroksabani walipata mabonge na viharusi zaidi.
- Mwenye valvu ya chuma moyoni.
- Mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliohusisha pia wagonjwa wa Afrika, ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliotumia dawa za kundi la warfarini.

Mjamzito hapewi kundi lolote kati ya haya bila daktari bingwa. Warfarini huharibu maumbile ya mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, na dawa mpya hazitakiwi kabisa. Kwake sindano ya enoksaparini ndiyo njia. Anayenyonyesha anaweza kutumia warfarini.

Hatua ya 4: Usikubali sindano ikatwe mapema

Hii inawahusu wa warfarini. Dawa hii huzuia ini kutengeneza viini vya kugandisha damu vinavyotegemea vitamini K. Viini vilivyokwisha kutengenezwa hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa. Tena, kinga moja ya mwili dhidi ya kuganda, protini C, hupungua mapema kuliko vile viini vyenyewe, hivyo siku za mwanzo damu inaweza hata kuelekea kuganda zaidi. Ndiyo sababu sindano ya heparini au enoksaparini huendelea sambamba na kidonge kwa siku zisizopungua 5, na mpaka INR ifike 2 na ikae hapo kwa saa 24.

Kama unaruhusiwa siku ya tatu kwa sababu kitanda kinahitajika, sindano ziende nawe nyumbani. Muulize muuguzi akufundishe kujichoma kwenye ngozi ya tumbo, au zahanati ya jirani ipewe barua.

Hatua ya 5: Kabla ya kutoka wodini

Hakikisha mkononi una dawa ya wiki mbili angalau, karatasi inayotaja dozi kwa miligramu, tarehe na mahali pa kipimo kijacho, na namba ya simu ya mtu atakayesoma majibu na kukwambia ufanye nini. Hiyo ya mwisho ndiyo hukosekana. Maabara inatoa INR, mgonjwa anakunja karatasi na kurudi nayo nyumbani, hakuna aliyeitazama. Sehemu nyingine kazi hii imewekwa mikononi mwa wafamasia, kama kwenye kliniki ya dawa hizi iliyoanzishwa katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, na kwa maoni yangu ni mpango ambao kila hospitali ya mkoa ingefaa kuuiga.

Dozi ya warfarini isomwe kwa miligramu, kamwe si kwa rangi. Kidonge cha waridi kutoka Uingereza ni miligramu 5. Cha waridi kutoka Marekani ni miligramu 1. Ndugu aliye nje akikutumia dawa, au duka likibadilisha kampuni, rangi ileile inaweza kukupa mara tano ya dozi yako au sehemu moja ya tano.

Dabigatrani nayo haipendi unyevu. Isitolewe kwenye pakiti yake na kuwekwa kwenye bahasha, hasa kwa wakazi wa Pwani, na kapsuli yake isifunguliwe.

Hatua ya 6: Daftari la INR

INR ya mtu asiyetumia warfarini ni karibu 1. Lengo la wengi wenye bonge ni kati ya 2 na 3. Chini ya 2 bonge linapata nafasi, na kadiri inavyopanda juu ya 3 damu inakuwa tayari kutoka kwa sababu ndogo. Baada ya kuruhusiwa, pima ndani ya siku 3 hadi 7, kisha kila wiki mpaka itulie, kisha kila mwezi.

Meza warfarini jioni, saa ileile kila siku. Ukipima asubuhi na majibu yakatoka mchana, dozi inaweza kurekebishwa usiku huohuo.

Kwenye daftari andika tarehe, INR, dozi ya kila siku, na jumla ya wiki. Hiyo jumla ndiyo hurekebishwa. Chukua mfano wa mtu anayemeza miligramu 5 siku tano za wiki na nusu kidonge, yaani 2.5, Jumatano na Jumapili. Jumla yake ni miligramu 30. INR yake imetoka 1.7. Daktari anamwambia Jumatano nayo ameze kidonge kizima. Jumla imekuwa 32.5, ongezeko la asilimia 8 tu, na mara nyingi hilo linatosha kumrudisha ndani ya lengo. Anayejiongezea kidonge kizima kila siku kwa hofu ya ile 1.7 atajikuta amevuka 5 wiki inayofuata. Matokeo ya badiliko lolote huanza kuonekana baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo kupima kesho yake hakusaidii.

INR ikipita 4.5 na hutoki damu, piga ile namba ya simu siku hiyohiyo. Kwa kawaida utaambiwa uruke dozi moja au mbili. Ikipita 10 utahitaji vitamini K. Ukiwa unatoka damu, usingoje namba, nenda hospitali.

Umesahau kidonge cha warfarini? Ukikumbuka siku ileile, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho na andika kwenye daftari kwamba kimoja kiliruka. Usimeze viwili. Kwa dawa mpya pengo lina madhara haraka zaidi, kwa sababu nguvu yake huisha ndani ya takribani siku moja. Nunua pakiti inayofuata ikiwa bado umebakiwa na vidonge vya wiki nzima.

Hatua ya 7: Chakula na mfungo

Wagonjwa wengi huambiwa waache mboga za majani. Sikubaliani na ushauri huo. Mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki na majani ya maboga vina vitamini K, ni kweli, lakini kinachovuruga INR ni kubadilika ghafla. Anayekula mboga kila siku aendelee kila siku, na dozi itapangwa kumfuata yeye. Tatizo ni yule aliyekaa wiki mbili mjini akila chipsi na nyama, kisha akarudi kijijini kula kisamvu mchana na usiku. Unga wa majani ya mlonge uhesabiwe kama mboga: usiuanze wala kuuacha kimyakimya. Pombe nyingi kwa wakati mmoja hupandisha INR, na anayelewa huanguka.

Wa dawa mpya hawana shida na mboga. Lakini rivaroksabani ya miligramu 15 na 20 lazima imezwe pamoja na chakula, la sivyo sehemu kubwa yake haiingii mwilini. Chai kavu haitoshi.

Mwezi wa Ramadhani, warfarini na rivaroksabani ya mara moja kwa siku huingia vizuri wakati wa futari. Apiksabani ya mara mbili hugawanywa kati ya futari na daku, ingawa saa hazitalingana sawasawa, kwa hiyo mwone daktari wiki chache kabla. Aliye bado kwenye dozi za mwanzo, wiki za hatari kubwa, azungumze naye kuhusu kuahirisha funga.

Hatua ya 8: Dawa nyingine, sindano na kuumika

Sehemu hii isome mara mbili, na mpe muuza dawa wa mtaani kwenu aisome.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na aspirini huongeza kutoka damu, na ndizo hizo hutolewa kwa kila mgongo unaouma. Aspirini umeze tu kama daktari wako wa mishipa ameiandika akijua unatumia dawa nyingine. Kwa maumivu na homa tumia panadoli, na ukiitumia siku kadhaa mfululizo pima INR. Septrin, Flagyl na flukonazoli ya fangasi hupandisha INR kwa nguvu. Si marufuku, ila ukianza mojawapo INR ipimwe ndani ya siku 3 hadi 5.

Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huichoma warfarini kiasi kwamba dozi huenda ikahitaji kuongezwa mara mbili au zaidi, na tiba ya kifua kikuu ikiisha lazima dozi ishushwe tena kwa uangalifu mkubwa. Rivaroksabani na apiksabani hazitumiki pamoja na rifampisini. Dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni zina tabia hiyohiyo. Dawa za virusi zenye ritonaviri hupandisha rivaroksabani kupita kiasi.

Sindano za makalioni zikatae. Ukienda zahanati na homa, sema mapema: natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sichomwi kwenye msuli. Damu inaweza kuvilia ndani na kujaza tako zima. Kuumikwa kwa kuchanjwa, yaani hijama ya kutoa damu, nako kungoje mpaka tiba iishe.

Kung'oa jino mara nyingi hufanyika bila kusimamisha dawa, mradi daktari wa meno ajue na INR iwe imepimwa siku za karibuni. Kwa upasuaji mkubwa, anayesimamisha na kurudisha dawa ni daktari, kwa tarehe zilizoandikwa.

Hatua ya 9: Dalili za kukimbilia hospitali

Zipo za aina mbili, na mtu wa nyumbani azijue zote. Za bonge kumeguka: mguu au mkono kuuma ghafla, kupauka, kuwa baridi na kufa ganzi; maumivu makali ya tumbo hata kama ukiligusa ni laini; mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, mkono kukosa nguvu. Mguu uliokosa damu una saa chache tu, kama 6, kabla misuli haijaanza kufa. Usiukande kwa maji ya moto, usiusugue dawa, usisubiri asubuhi.

Za kutoka damu: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, pua isiyokauka baada ya dakika kumi za kubana, hedhi inayojaza pedi kila saa, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa. Ukigonga kichwa, kwa mfano umeanguka na bodaboda, nenda upimwe hata kama unajisikia mzima, maana damu ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa nyingi kuonyesha dalili. Kwenye pochi weka kadi yenye jina la dawa, dozi na sababu ya kuitumia.

Hatua ya 10: CT ya marudio na uamuzi wa kuacha

CT hurudiwa baada ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Uliza mapema gharama yake na kama bima itailipa, ili fedha isiwe sababu ya kuahirisha. Figo zipimwe kwanza, kwa sababu dawa inayochomwa wakati wa picha huzielemea.

Bonge likiwa limekwisha na chanzo chake kilikuwa cha kupita, daktari anaweza kusimamisha vidonge baada ya miezi 3 hadi 6. Likiwa limepungua, tiba inaendelea. Likiwa limekua au kipande kimemeguka ukiwa unameza dawa ipasavyo, suala la upasuaji hufunguliwa upya, na hapo daftari lako lina thamani kubwa: linaonyesha kama dawa ilishindwa au ilirukwa. Mwenye antifosfolipidi au saratani isiyotibika huenda akameza kwa muda mrefu zaidi, pengine maisha yote.

Kuacha vidonge hakumaanishi kuacha kila kitu. Dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) kama atovastatini, dawa ya presha, na kutovuta sigara vinaendelea, kwa sababu ukuta ulioshika bonge la kwanza bado upo. Wengine hubadilishiwa vidonge kwa aspirini ndogo. Omba tarehe ya picha nyingine miezi kadhaa baada ya kuacha, iandikwe kwenye daftari hilohilo, na nakala ya CT zote mbili ibaki nyumbani kwako.